Ubavu wa Bashimwape

Niliondoka Pweto asubuhi moja bila mpango wowote. Nilikuwa nimelala kwa mfanyabiashara wa chumvi aliyenivumilia kwa muda mrefu kuliko nilivyostahili. Nikaamka kabla yake, nikakunja shati langu la pili mfukoni, nikateremka ziwani kutazama tu. Boti moja ilikuwa inapakia chumvi na vitenge kwenda Zambia. Mwenye boti alinitazama mikono, si uso, akauliza, "Unajua kutosha mayi mu bwato?" Nikasema najua, ingawa sikuwa nimewahi kuchota maji ndani ya chombo chochote. "Panda," akasema, na hivyo ndivyo nilivyohamia nchi nyingine. Angekuwa anakwenda kwingine, ningekwenda kwingine. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, niliyeacha shule mapema kwa sababu benchi langu lilikuwa karibu na dirisha, na tangu hapo sikuwa nimekaa mahali hata mvua mbili zikapita. Kila kitu nilitaka kukiona: jinsi gari linavyofunguliwa injini, jinsi mzinga unavyopakuliwa, jinsi maiti anavyooshwa. Nilidhani kutaka kuona ni sawa na kujali. Miaka ile ya sabini sikuwa na mtu wa kunisahihisha.

Ninayaandika haya kwa sababu mwezi uliopita Mwape alinipigia simu kutoka Nchelenge kunieleza kwamba Ba Chilufya amefariki. Mwape sasa ni mzee mwenye wajukuu. Alinisimulia mazishi yake kwa sauti ya furaha, kama mtu anayesimulia harusi: jinsi watani wake wa ukoo wa Mbuzi walivyolilalia kaburi na kukataa lisifukiwe, jinsi walivyomwambia marehemu kwamba chui amelala leo, mbuzi watakula majani ya bustani yake bila woga. Waombolezaji walicheka hadi machozi yakachanganyika. Nami nilicheka kwenye simu. Kisha nikakaa kitandani na simu mkononi, nikaona haya kama niliyoona mwaka ule, mbichi kabisa, kana kwamba mtu ameingia chumbani akanikuta nakula chakula cha mgonjwa.

Boti ilinishusha Kashikishi, kwenye kelele za bandari, moshi wa samaki na wanawake wanaopigania beseni. Nilibeba mizigo ya watu hadi jua likainama, na mwanamke mmoja niliyembebea kuni hadi upande wa Nchelenge akanipa maji, akaniuliza kama nina pa kulala. Alikuwa Banamwape, yaani mama yake Mwape. Mume wake, Bashimwape, alikuwa fundi wa nyavu, na alikuwa amerudi karibuni kutoka hospitali kubwa ya Copperbelt. Nyumba ilihitaji mtu mwenye nguvu wa kuteka maji na kuangalia moto wa kubanikia samaki, kwa kuwa Mwape alikuwa bado mdogo. "Mume wangu atakushangaza," akaniambia mlangoni. "Usikimbie." Nilipewa mkeka katika chumba cha mbele, chini ya nyavu zilizoning'inia darini kama mawingu mabovu, zenye harufu ya mwani na lami. Chumba cha ndani kilitengwa kwa pazia la kitenge. Nyuma ya pazia hilo nilisikia mtu akinywa kitu kwa mvuto mrefu na kukohoa, na Banamwape akasema kwa upole, kwa Kibemba, neno ambalo baadaye nilijua maana yake ni "polepole."

Alikuwa ameugua saratani ya mdomo. Ilianza kama kidonda kwenye ufizi, chini kushoto, mahali hasa alipozoea kubana uzi. Maana fundi wa nyavu wa kule hufanya kazi kwa mikono miwili na meno: sindano ya mti mkono mmoja, kigingi cha kupimia macho ya wavu mkono wa pili, na fundo hukazwa kwa kuuma uzi na kurudisha kichwa nyuma kidogo, fundo baada ya fundo, maisha yote. Watu walisema uzi wa nailoni ndio ulioleta kidonda, wengine walisema tumbako, wengine walitaja jirani. Madaktari hawakutaja yeyote. Walikata nusu ya taya. Mwaka mzima aliishi na uso ulioporomoka upande mmoja, ulimi ukimwangukia, kisha wakamwita tena wamjengee taya jipya. Hayo alinieleza mwenyewe, kwa maneno yaliyotoka yakiwa mapana na yenye maji, kwa sababu nilimuuliza. Hakuna mwingine aliyemuuliza. Majirani walikuja, wakasalimia, wakatazama sakafu. Mimi nilikaa mbele yake na kusema, "Baba, walifanyaje?"

Alifungua shati. Ubavuni palikuwa na kovu refu. "Hapa banatosha lubavu moja," akasema. Alijua Kiswahili cha ng'ambo kwa sababu alisuka nyavu za Wakongo kwa miaka. "Banaikata, banaikunja kidogo, banaifunga hapa na waya." Aligusa kidevu. "Lakini nyama ya kufunika ilikuwa haiko. Basi banafungua ngozi ya kifua, hapa juu, banaipandisha kama daraja mupaka ku kidevu. Juma mingi nililala shingo imeinama, kifua na mudomo bimeshikana. Nilikuwa kama kuku mwenye kulala. Ngozi iliposhika kule juu, banakata daraja." Niliomba kugusa. Akaniruhusu. Niligusa ngozi ya kifua iliyoota kidevuni, laini, yenye baridi, isiyojua kwamba imeguswa. Nikapitisha kidole juu ya ubavu na kusikia vifundo vya waya chini yake. Nilifurahi sana. Nakiri nilifurahi kama mtu aliyefunguliwa saa akaona magurudumu yake.

Meno yake yalikuwa yamefungwa kwa waya muda wote wa kuungana mfupa, na waya huo ulikuwa umetolewa muda mfupi kabla sijafika. Sasa kazi ilikuwa kufungua. Sista wa hospitali ya misheni, aliyekuwa akimkagua, alieleza mbele yetu sote kwa vidole vyake mwenyewe: mtu mzima husimamisha vidole vitatu kati ya meno; yeye sasa ana viwili; asipoutumia mdomo kila siku, nyama za ndani zitakauka na kuvuta, na taya litajifunga kama mlango uliovimba kwa mvua, na hapo hakuna wa kulifungua. Atafune vitu laini. Azungumze. Acheke. "Hasa acheke," akasema, na Bashimwape akatikisa kichwa kama mtu aliyeagizwa apande mlima.

Kutafuna kulikuwa shida kwa sababu ya watu. Wanaume wa kule hula pamoja kwenye kibanda cha wazi wanachokiita insaka, sahani moja ya ugali katikati, kila mtu akimega na kufinyanga. Bashimwape alipomega, ugali ulimtoka pembeni pasipo yeye kujua, kwa kuwa mdomo ule haukuwa na habari tena. Mate yakamteremka kwenye ngozi isiyohisi. Wenzake walitazama ziwani. Siku ya pili hakuja. Alianza kunywa uji nyuma ya pazia, na mimi nikawa nakula kwenye insaka mahali pake, samaki wabichi wa mchuzi na ugali wa muhogo, nikishiba kama sikuwahi kushiba. Kila tonge nililisikia likishuka. Nilijua nimekalia nafasi ya nani, na bado nilimega tena.

Aliyemtoa nyuma ya pazia ni Ba Chilufya. Alikuwa mwanamke mpana, mnunuzi wa samaki, wa ukoo wa Chui. Bashimwape alikuwa wa ukoo wa Mbuzi. Koo hizo ni watani tangu zamani, na mtani ana ruhusa ambayo hata ndugu hana. Alikuja kila adhuhuri baada ya soko, akasimama uani na kuita, "We mbuzi! Toka! Chui yako imefika!" Pazia likatikisika. "Mbuzi imelala," sauti ikajibu. "Mbuzi hailali saa sita. Toka nione nyama yangu!" Akitoka, yule mama alimzunguka kama anayenunua ng'ombe. "Nani alikula hii taya? Mimi niko chui, sikupata hata mufupa. Badokta banakula peke yao!" Kisha akaketi, akamega ugali, akamwekea mkononi. "Sikia. Mungu alitosha lubavu kwa Adamu, akamutengenezea bibi. Weye banakutosha lubavu, banakupatia taya tu! Hata bibi wa pili haukupata!" Banamwape, jikoni, alijifunika mdomo kwa kitenge. Bashimwape alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka, na ugali ukamruka. "Angalia," Ba Chilufya akasema, "mbuzi anatapika majani." "Chui muzee," Bashimwape akajibu, akihangaika na kila neno, "inakulaka... mafupa ya bengine. Meno yake... yalikwisha." "Meno yangu? Leta mukono niikate!" Nywele chache za kifuani zilikuwa zimeanza kuota kwenye kidevu kile, na siku Ba Chilufya alipoziona alipiga yowe hadi majirani wakaja: "Njooni! Huyu mutu ananyolea kifua ku mudomo!" Walipigana maneno hivyo hadi sahani ikawa tupu. Nilipenda kutazama, lakini ndani yangu nilikunja uso. Nilikulia mjini, katika mitaa ya wafanyakazi wa migodi ambako wagonjwa huongelewa kwa sauti ya chini. Nilidhani Bashimwape anavumilia.

Ikaja siku wafanyabiashara kutoka ng'ambo walipokuja kuagiza nyavu. Walikuwa watatu, viatu vinang'aa, mmoja wao akinijua kutoka Pweto. Walikaa kwenye insaka, nami nikakaa nao, nikijisikia mtu wa maana kwa kuwa niliwarudilia maneno ya Bashimwape waliyoshindwa kuyashika. Ba Chilufya akafika na beseni lake kichwani, akaanza kama kawaida. "Bageni! Mumekuja kununua wavu ao mumekuja kuangalia mbuzi yenye taya ya lubavu?" Bashimwape alicheka, na alipocheka mate yakamtoka kwa wingi hadi shati. Wale wageni waligeuza nyuso. Yule aliyenijua alinitazama mimi, kwa huruma, kama kusema: kumbe unaishi hapa. Nikasimama. "Mama, inatosha!" nikasema. "Huyu ni mugonjwa. Weye hauna haya?"

Ba Chilufya hakunitazama. Alimtazama Bashimwape. "Ni nyumba yako njo inasema?" akauliza. Bashimwape alijipangusa kidevu kwa mkono wa shati, akanitazama, akawatazama wageni, akainamisha kichwa. "Bon," mama akasema. Alikunja kitambaa chake cha kichwani, akaweka beseni juu yake taratibu. "Kama nyumba imesema utani umekwisha, basi umekwisha." Akaondoka, hakuharakisha.

Nilidhani nimemtetea mtu. Ni Banamwape aliyenieleza jioni ile, akipuliza moto, bila kunikaripia, jambo lililokuwa baya zaidi. "Weye unakula mu sahani yetu," akasema. "Unalala chini ya nyavu yetu. Mutu wa namna ile akisema mbele ya bageni, ni nyumba inasema. Mume wangu hawezi kukukana mbele yao, ingekuwa kukufukuza. Na mutani akikatazwa na nyumba, harudi mupaka nyumba imuite." Nikauliza kwa nini hamwiti basi. "Nani aende? Yeye? Mbuzi aende kuomba chui imutukane?" Alicheka kidogo, kisha akaacha. Kesho yake tukasikia Ba Chilufya amevuka kwenda kisiwa cha Kilwa, humo humo ziwani, kwa dada yake, kukausha samaki huko hadi mvua.

Basi nyumba ikawa na heshima. Sijawahi kuichukia heshima kama wakati ule. Watu walikuja, wakasema pole, wakatazama sakafu, wakaondoka. Bashimwape alirudi nyuma ya pazia na uji wake. Hakuwa na wa kumjibu, na mtu asiye na wa kumjibu hafungui mdomo. Nilimpelekea ugali laini, nikamwambia sista amesema atafune; akatafuna mara mbili kwa kunistahi, akaweka chini. Siku moja nilijaribu mwenyewe. Nilijiandaa tangu asubuhi, nikasimama uani na kuita kwa sauti, "We mbuzi! Toka!" Alitoka. Alinitazama kama baba anavyomtazama mtoto aliyemtukana mbele ya watu, akingoja kuona kama mtoto ana kichaa. Nikaelewa kwamba maneno yaleyale kinywani mwangu yalikuwa matusi. Nikaomba msamaha. Akainua mkono, akarudi ndani. Tulipokwenda misheni tena, sista aliingiza kidole kimoja, akajaribu cha pili, hakikuingia. "Anaongea na nani nyumbani?" akauliza. Sote wawili, mimi na Banamwape, tukatazama sakafu. Njiani kurudi Banamwape alisema bila kugeuza kichwa, "Weye njo ulisema. Weye njo utaenda."

Nitasema hapa kilichotokea mwisho, ili nisijifiche nyuma ya hadithi. Taya lilifunguka tena, lakini si kama ambavyo lingefunguka. Majuma yale ya kimya yalichukua chao. Bashimwape aliishi miaka mingi, saratani haikurudi, alikula ugali kwenye insaka kwa matonge madogo ya ukubwa wa karanga, akimaliza baada ya wengine wote. Uzi hakuuma tena. Alijifunza kuubana kwa kidole gumba cha mguu, akawa anasuka ameinama, polepole, na watu wakaendelea kuleta kazi, nyingine kwa kumheshimu. Labda hata bila mimi ingekuwa hivyo; mfupa wa ubavu si mfupa wa taya. Nimeliuliza hilo kwa madaktari kadhaa maishani, nikijifanya naulizia jambo la jumla, na kila mmoja amenijibu kwamba haiwezekani kujua. Ni jibu la haki. Halijanisaidia.

Nilivuka kwenda Kilwa na boti ya wachuuzi wa muhogo. Ziwa lilikuwa na mawimbi mafupi yenye hasira, na safari hii nilijua kuchota maji. Kisiwa sikuwa nimekiona ila kwa mbali, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilishuka mahali papya bila kutazama chochote. Niliuliza tu: Ba Chilufya yuko wapi? Nikaelekezwa kwenye nyumba za matete upande wa pili, ambako wanawake wawili walikuwa wamekaa chini wakipasua samaki kwa mkono wa haraka, magamba yamewajaa mikononi. Aliniona mapema, akaendelea na kazi hadi nilipofika mbele yake na kupiga magoti.

"Nyumba imekutuma?" akauliza.

"Imenituma, mama."

"Anafungua?"

"Kidole kimoja. Na kwa taabu."

Kisu kilisimama. Dada yake alituangalia sote wawili. Ba Chilufya alisafisha mikono mchangani, muda mrefu kuliko ulivyohitajika. Nilingoja anitukane, nilitaka anitukane. "Weye hauko mutani yangu," akasema mwishowe. "Weye nikikutukana, nimekutukana kweli. Kwa hiyo nanyamaza. Leo mawimbi ni mabaya. Kesho tutavuka. Ingia ukule." Dada yake aliniletea ugali na samaki, sahani yangu peke yangu, akanionyesha ghala dogo la matete lililokuwa na magunia matupu na makasia, akasema nilale humo. Nilikula kila kitu. Njaa haikuwa na haya hata siku ile.

Jua lilikuwa bado juu. Nilijilaza kwenye magunia, na kupitia ukuta wa matete niliwasikia wakirudia kupasua samaki na kuzungumza kwa Kibemba, ambacho kwa wakati ule nilikifahamu vya kutosha. Ba Chilufya alikuwa anatafuta matusi. Alikuwa anayajaribu moja baada ya jingine, kama mtu anayechagua nguo ya kuvaa harusini. Moja alilitupa: alikwisha kulitumia, mbuzi angesema chui amesahau kuwinda. Jingine dada yake alisema ni zuri, lakini refu, atachoka kulijibu. Mtafutie linalojibika kwa neno moja kwanza, kisha mawili. Kisha Ba Chilufya akasema moja kwa sauti ya chini ambalo sikulipata lote, na dada yake akacheka hadi akakohoa, akasema, "Hilo! Hilo litamfungua hadi kooni!"

Nikajaribu kumwona Bashimwape akilipokea, akicheka. Nilikumbuka kovu la ubavu na mshono wa shingo, ngozi ya kifua na vile vifundo vya waya chini yake, na kidevu chote, kila upande. Macho yake sikuyakumbuka. Miezi yote ile nilikuwa nimekaa mbele yake, na sikuwa nimeyatazama hata mara moja.